Ushahidi Wangu Ulikuwa Kwenye Stoo ya Mdaiwa

Ukiuza vyakula kwa mkopo, karatasi halisi hubaki kwa mnunuzi. Mzigo ukishushwa, mtunza stoo anahesabu, anagonga mhuri na kusaini deliveri noti, yaani karatasi ya kupokelea mzigo. Ya juu anabaki nayo, wewe unaondoka na ya kaboni. Ndivyo nilivyokuwa nikipeleka mchele, maharage na mafuta kwenye hoteli moja Mwanza, mpaka deni likafika shilingi milioni 18 na malipo yakakatika. Nilipofungua madai mahakama ya hakimu mkazi, utetezi wao wa maandishi ulisema mzigo wa miezi ya mwisho hawakuupokea kabisa.

"Mama, hizo kaboni tunza vizuri," wakili wangu aliniambia, "lakini halisi tutazidai kwao wenyewe."

Njia yenyewe iko kwenye Amri ya 11 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Unaiomba mahakama imwamuru mwenzako aorodheshe, kwa kiapo, nyaraka zinazohusu mgogoro alizonazo au alizowahi kuwa nazo. Akikaidi, kama ni mdai shauri lake linaweza kufutwa. Kama ni mdaiwa, utetezi wake unaweza kuondolewa. Tuliomba vitu viwili tu: deliveri noti za miezi ile na leja ya stoo, daftari la mizigo inayoingia. Hakimu hatoi ruhusa ya kupekua ofisi ya mtu kwa matumaini ya kuokota chochote. Amri hiyo inabana pande zote, na mimi naona ni haki: walipotaka kitabu changu cha risiti nilikipeleka chote, pamoja na malipo yaliyopunguza deni ninalowadai.

Kiapo chao kilipokuja ndipo nilipoielewa nguvu ya utaratibu huu. Kiapo cha namna hiyo kina sehemu zake: nyaraka ambazo mtu yuko tayari kuzionyesha, anazokataa kuzionyesha na sababu zake, kisha zile alizokuwa nazo ambazo sasa hana, na zilikokwenda. Leja waliiweka sehemu ya kwanza. Deliveri noti wakaziweka ya mwisho: ziliharibiwa na maji ya mvua. Wakili aliweka kidole kwenye mstari ule akanisomea mara mbili. Waliodai hawakupokea mzigo walikuwa wameapa kwamba karatasi za kuupokea zilikuwepo!

Hata hivyo tuliwapelekea notisi ya kuwataka walete halisi siku ya kusikilizwa. Usiiruke hatua hii. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kwa kawaida nakala inapokelewa pale unapoeleza kwa nini halisi haipo, na halisi ikiwa mikononi mwa mpinzani wako, notisi ndiyo inayokufungulia mlango. Wakili wao alisimama kupinga kaboni zangu. Wakili wangu akaonyesha notisi na kile kiapo, pingamizi likatupwa.

Nawasihi wenzangu wafanyabiashara: kuambatisha karatasi kwenye hati ya madai hakuifanyi kuwa ushahidi. Mahakama ya Rufani imeshalisema hilo, na bado watu wanapoteza haki zao hapo. Lazima shahidi aitoe, upande wa pili uulizwe kama unapinga, hakimu aipokee. Zangu ziliandikwa namba ya shauri, jina langu na tarehe, hakimu akasaini: kielelezo P1. Meseji za WhatsApp za meneja wao nazo zilipokelewa, baada ya kueleza simu ni ya nani, imetunzwaje na kwamba hazijaguswa, kama Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inavyotaka.

Kisha ikafunguliwa leja yao. Tarehe kwa tarehe, gunia kwa gunia, ililingana na kaboni zangu. Kabla shahidi wao wa kwanza hajapanda kizimbani, wakili wao aliomba ahirisho ili tuzungumze. Hati ya makubaliano ilisajiliwa mahakamani, na deni likalipwa kwa awamu hadi likaisha.