Kisanduku kirudi kitupu: chakula cha shule bila kutoboa mfuko

Ukitaka kujua chakula kipi cha shule ni ghali, usitazame bei ya sokoni peke yake. Fungua mkoba jioni uone kilichorudi. Nusu ya sandwichi iliyolowa, tufaha lililong'atwa mara moja likageuka kahawia, wali uliochacha: vyote hivyo vimelipiwa, vimepikwa, na sasa vinakwenda kwenye pipa. Kwa hiyo kabla ya kuwaza vitamini, jiulize mambo mawili. Chakula kitakaa saa ngapi kabla ya kuliwa? Na mtoto atakuwa na dakika ngapi za kukila?

Piga hesabu ya saa kwanza. Kisanduku kikifungwa saa 12 na nusu asubuhi na kengele ya chakula ikalia saa 6 na nusu mchana, hizo ni saa 6. Bakteria wanaoleta maradhi ya tumbo hustawi kati ya nyuzi joto 5 na 60, na katika mazingira wanayoyapenda huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Nyama, samaki, mayai ya kuchemsha, wali, maharage yaliyoiva na maziwa havipaswi kukaa katika joto hilo zaidi ya saa 2, au saa 1 ikiwa hewa imezidi nyuzi 32. Unabaki na njia tatu: chakula kiende cha moto na kibaki cha moto, kiende cha baridi na kibaki cha baridi, au kiwe kikavu kisichojali joto. Jikoni kwingi watu hufuata njia ya nne, nayo ndiyo mbaya kuliko zote: chakula cha uvuguvugu ndani ya plastiki iliyofungwa barabara. Mvuke unageuka maji, maji yanalowesha chakula, na joto linabaki palepale bakteria wanapolitaka.

Cha moto

Hapa unahitaji thamosi ya chakula, ile yenye mdomo mpana. Mililita 300 zinamtosha mtoto mdogo, 500 mtoto wa miaka 10 na kuendelea. Ijaze maji yanayochemka, funga, acha dakika 5 hadi 10. Huku ukisubiri, pasha chakula mpaka kitoe mvuke kote, siyo pembeni tu; ukiwa na kipimajoto, kifike nyuzi 74. Mwaga maji, jaza chakula hadi karibu na mdomo, funika mara moja. Ukijaza nusu, ile hewa iliyobaki juu itakipoza haraka. Ukiruka hatua ya maji ya moto, kuta baridi za thamosi zitanyonya joto la chakula kabla mtoto hajafika shuleni, na lawama itaiangukia thamosi bure.

Usiamini maandishi ya kwenye boksi yanayoahidi saa 12. Ijaribu mwenyewe siku ya mapumziko: maji yanayochemka, mfuniko, saa zilezile 6, kisha kipimajoto. Maji huanza karibu na nyuzi 100 na chakula chako kitaanza chini ya hapo, hivyo dai angalau nyuzi 70 ndipo uiamini kwa chakula. Dalili nyingine haihitaji kifaa: mimina maji ya moto, subiri dakika chache, shika ubavu wa nje. Ukisikia joto, ombwe (ile nafasi isiyo na hewa) la katikati ya kuta limekwisha na hicho sasa ni kikombe chenye mfuniko.

Thamosi hupenda vyenye majimaji: maharage ya mchuzi, supu, tambi zenye rojo, wali uliochanganywa na mchuzi. Wali mkavu hushikana ukawa donge.

Na kuhusu wali niseme neno la ziada, maana hudharauliwa. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye chembe zake sugu hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala sufuriani usiku kucha nje ya friji, chembe hizo huamka, huzaana na kutoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto tena. Wali wa jana unafaa kubebwa, lakini kwa masharti: uutandaze kwenye sinia pana mara unapoiva, upoe ndani ya saa 1, uingie friji, upashwe mara moja tu, uliwe ndani ya saa 24. Kama haukufuata njia hiyo, usiuweke.

Cha baridi na kikavu

Si lazima ununue barafu maalumu ya kubebea. Chukua chupa ya maji ya mililita 300, ijaze robo tatu (maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, chupa iliyojaa itapasuka), iweke kwenye friza usiku. Asubuhi ifunge kwa kitambaa kidogo ili jasho lake lisiloweshe mkate, na iweke juu ya chakula, kwa kuwa hewa baridi hushuka. Mchana mtoto anakunywa maji yale. Jambo moja tu: barafu hulinda ubaridi, haitengenezi. Yai lililochemshwa asubuhi na kutupwa kisandukuni likiwa na joto litaiyeyusha barafu na lenyewe lisipoe. Chemsha usiku, dakika 10 hadi 12, litumbukize kwenye maji baridi mara moja, lilale kwenye friji na ganda lake. Yai la kuchemsha lenye ganda hukaa kwenye friji hadi wiki moja. Ule utando wa kijani kuzunguka kiini, unaowafanya watoto wakunje pua, hutokana na kuchemsha kupita kiasi na kuchelewa kulipoza. Hauna madhara, ila yai litarudi.

Sandwichi hulowa kwa sababu ya nyanya, tango na haraka. Paka siagi au siagi ya karanga mpaka ukingoni, upande wa ndani wa vipande vyote viwili vya mkate. Mafuta huzuia maji. Tango litoe mbegu, likaushe kwa kitambaa, usilitie chumvi, kwa maana chumvi huvuta maji nje. Nyanya ifunge peke yake, mtoto aiingize mwenyewe. Unaweza kuandaa sandwichi za wiki nzima na kuzigandisha, mradi hazina mboga mbichi, mayonezi wala yai: mayonezi hutengana na ute wa yai hugeuka mpira. Iliyotoka kwenye friza asubuhi huwa laini kufikia mchana.

Njia kavu ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo ninayoipendekeza kwa asiye na friji: mkate wa siagi ya karanga, karanga za kukaanga, matunda mazima, karoti nzima iliyooshwa na kukaushwa. Shule ikizuia karanga kwa ajili ya wenye mzio, tumia mbegu za alizeti au za maboga zilizosagwa. Kwa walio chini ya miaka 5, karanga nzima, bisi na zabibu nzima ni hatari ya kupaliwa. Zabibu zikate kwa urefu vipande 4, karoti ikwangue.

Fedha inapotea wapi

Wazazi wengi hutumia zaidi kwenye nyama kwa hofu ya protini. Mtoto wa kilo 20 anahitaji takriban gramu 19 za protini kwa siku nzima. Yai moja lina gramu 6. Gramu 100 za maharage yaliyoiva zina karibu gramu 8. Viwili hivyo ni gramu 14, na bado hujahesabu mkate, maziwa wala chakula cha jioni. Soseji na nyama nyingine za kusindika ndizo ningeziondoa kwanza: ni ghali kwa kile zinachotoa, zina chumvi nyingi, na mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Linganisha vyakula kwa bei ya mlo mmoja, siyo kwa bei ya kilo. Kilo 1 ya maharage makavu hutoa kilo 2 hadi 2.5 yakishaiva, yaani milo 20 au zaidi ya gramu 100. Gawa bei ya kilo kwa 20, halafu gawa bei ya pakiti ya vitafunio kwa idadi ya siku inazomaliza. Hesabu hiyo inatosha.

Yapike mara moja kwa wiki. Loweka usiku, saa 8 hadi 12, mwaga yale maji, tia mapya. Yachemshe kwa nguvu, yatokote kweli, angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko huo tu. Moto mdogo tangu mwanzo hauimalizi, ndiyo maana majungu ya umeme yanayopika polepole hayafai kwa hatua hii. Kisha dakika 45 hadi 90 za moto mdogo, kutegemea umri wa maharage. Nyanya na ndimu ziingie yakishalainika, kwa sababu ukali wake hufanya ganda ligome. Yakiwa yamelowekwa vizuri, hayajatiwa kitu na bado ni magumu baada ya saa 2, basi ni ya zamani mno. Yakiiva, yapoze, yagawe kwenye mifuko ya gramu 100, yalaze bapa kwenye friza. Hukaa miezi 3 bila kupoteza ladha, na mfuko bapa huyeyuka kwenye friji usiku mmoja.

Mtoto asiyetaka maharage ya mchuzi huyala akiyapata kama kababu. Ponda gramu 200 zilizochujwa, changanya na karoti moja iliyokwanguliwa, yai 1, vijiko 4 vya chakula vya chenga za mkate na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Zinatoka kababu 6. Kaanga dakika 4 kila upande kwa mafuta kidogo. Zikivunjika kikaangoni, maharage yalikuwa na maji: yatandaze kwenye kitambaa dakika 10 kabla ya kuyaponda, wala usiongeze yai, kwa kuwa yai litazidisha ulaini. Usiku zikae kwenye friji, asubuhi ziende pamoja na chupa ya barafu.

Weka chungwa, nyanya au pilipili hoho kwenye kisanduku chenye maharage. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia.

Kinywaji ni maji. Juisi ya mililita 250 ina takriban gramu 20 hadi 26 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 40 kwa mtoto anayekula kalori 1,600. Juisi moja imemaliza nusu. Shirika hilohilo linashauri gramu 250 za mboga na matunda kwa siku kwa miaka 2 hadi 5, na 350 kwa miaka 6 hadi 9. Tunda moja la wastani na karoti moja kisandukuni hufikisha nusu ya kiasi hicho au zaidi.

Kisanduku kikirudi

Kabla ya kumuuliza mtoto, kisome. Kitu ambacho hakikufunguliwa kabisa kina tatizo la mfuniko au la muda, siyo la ladha. Mpe kila chombo nyumbani akifungue mwenyewe bila msaada, asipoweza, usikitumie. Chungwa lisilomenywa halitamenywa ndani ya dakika 15, kwa hiyo chana ganda lake kwa kisu mara nne asubuhi. Kilichong'atwa mara moja kina tatizo la hali yake: kimelowa, kimekauka, kimebadilika rangi. Vipande vya tufaha vizamishe dakika 5 hadi 10 kwenye kikombe 1 cha maji chenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, suuza, kausha. Au kata kuzunguka moyo, virudishe pamoja na uvibane kwa mpira ili hewa isiingie. Kilicholiwa nusu pande zote ni kingi mno, punguza theluthi. Kilichoisha chote huku mtoto akifika nyumbani akiwa na njaa kali, ongeza wanga na mafuta kidogo, siyo vitafunio.

Chakula kipya kisianzie shuleni. Kianzie mezani nyumbani, vijiko viwili pembeni ya anachokijua, na uwe na subira: huenda akahitaji kukiona mara 10 au zaidi ndipo akikubali.

Kisanduku kioshwe siku hiyohiyo, na mpira wa mfuniko uvuliwe uoshwe peke yake, maana ndipo ukungu unapojificha. Kisanduku kinachonuka hata baada ya kusafishwa, kwa kawaida mpira huo haujavuliwa. Mpira ukipasuka, mfuniko hautazuia mchuzi tena, na kabla ya kununua kisanduku kizima uliza kama mpira huuzwa peke yake.