Pampu ya mafuta iliyonipeleka hadi tovuti ya Kijapani

Gari lilinizimikia mara mbili kwenye barabara ya Thika. Mara ya pili ilikuwa karibu na Roysambu, lori nyuma yangu na watoto wangu wawili ndani. Makanika wangu wa Kirinyaga Road alibadilisha plagi, akasafisha tangi, akasema ni mafuta machafu.

Sikutulia. Nilikuwa nimesikia habari za Takata, kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko ya hewa ya magari (airbag) na kufilisika 2017. Nitrati ya amonia, kemikali inayofurisha mifuko hiyo, huchakaa kwa miaka ya joto na unyevu, na siku ya ajali kopo la chuma linaloibeba laweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Nikataka kujua kama gari langu limo kati ya yale ambayo watengenezaji wameita yarejeshwe kurekebishwa.

Nilianza na tovuti ya serikali ya Marekani. Inataka namba yenye herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezewa soko la Japani, kama mengi tunayoyapokea Mombasa, lina namba fupi ya chesisi yenye kistari katikati, kwa hiyo likakataliwa. Hapa ndipo naamini wengi hukata tamaa, na haifai. Nilichukua namba ile kwenye logibuku, nikaingia tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, simu ikinitafsiria.

Mfuko wa hewa ulikuwa salama. Mstari wa chini yake ulitaja pampu ya mafuta: ina kasoro, inaweza kuzima injini gari likiwa mwendoni, haijabadilishwa. Nilisoma mara tatu, mikono ikitetemeka. Ukaguzi wa KS 1515, kiwango cha Kenya cha magari yanayoingizwa nchini, ulifanywa kabla gari halijapanda meli. Mwito wa kulirejesha ulitoka baadaye, na mimi, mnunuzi wa mtumba, jina langu halikuwa popote.

Kwa wakala wa mtengenezaji hapa Nairobi, kijana wa mapokezi aliniambia, "Mama, hili hatukuuza sisi." Nikamwambia kasoro ni ya gari, haijali aliyeliuza. Nikaomba meneja wa karakana, nikamwachia nakala ya logibuku na ule ukurasa niliouchapisha. Nikapiga simu kila Jumatatu. Wiki ya sita pampu ilifika. Sikuilipia, nililipia kazi ya fundi tu.

Jumapili jirani alinijia na logibuku yake. Gari lake lina miito miwili ya kurejeshwa. Kesho asubuhi tunaenda pamoja.