Siku Meku alipofunua kofia ya paa la mama

Ilikuwa 2016, mwezi wa pili unaisha, Moshi kuna lile joto la kabla ya masika, nimeshuka basi toka Dar na hela ya kumalizia fundi ipo kwenye simu. Nyumba ya mama iko Rau, marehemu baba aliiezeka vigae vya udongo, vile vyekundu, na kila mvua kubwa mama alikuwa anaweka beseni koridoni, sehemu ile ile miaka yote. Vigae vyenyewe vizima kabisa. Shida ilikuwa juu kwenye kofia, vile vigae vya mgongoni pande mbili za paa zinapokutana, udongo wa zamani wa mchanga na simenti unaozishika umekufa, unadondoka vipande mpaka tunaviokota uani.

Fundi alikuwa ameshamaliza siku tatu nyuma. Nikasimama getini nikaangalia juu, aisee pamependeza, mstari umenyooka, udongo umepakwa rangi ufanane na kigae. Nimebakiza laki mbili na nusu, nikatoa simu nimtumie. Mama akaniambia, "Ngoja kwanza baba. Meku apande aone."

Meku ni mzee jirani yetu, ameezeka nyumba nyingi sana hapa mjini, na wakati ule alishapita miaka sabini. Nikaona vibaya kumpandisha mzee juu ya paa. Nikamwambia, "Shikamoo Meku, nielekeze tu cha kuangalia nipande mwenyewe." Akasema, "Marahaba. Tutapanda wote, maana hujui unachokitafuta."

Tukaanzia darini. Akaniambia zima tochi, tukakaa kimya kwenye giza na lile joto mpaka macho yakazoea, na hapo ndo nikaanza kuona mwanga, vitundu kama vya sindano, viwili upande wa jikoni na kingine juu ya koridoni kabisa. Meku hakusema kitu, akaanza kushuka.

Juu tulilaza ngazi kwenye paa ili tusikanyage vigae. Akavuta uzi toka mwanzo mpaka mwisho, uzi ukasema sawa. Akapima kofia inavyofunika kigae cha chini yake kila upande, anataka vidole vinne, kama milimita 75 hivi, napo sawa. Halafu akageuza mwiko akaanza kugonga kwa mpini, sio katikati maana katikati lazima palie wazi, anagonga pembeni pale kofia inapokalia udongo. Ya kwanza ikatoa mlio mzito, ya pili pia, ya tatu ikalia kama chungu kilichopasuka. Akaweka kiganja akasukuma kidogo tu, ikacheza. Akaishika kwa mikono miwili akainyanyua kama unafunua sufuria ya wali.

Ile picha ninayo mpaka leo. Ndani ya kofia pasafi, hakuna hata chembe ya udongo iliyoshika, na udongo uliobaki juu ya paa una uso laini umechukua umbo la kofia vizuri kabisa, juu yake vumbi jekundu. Meku akapitisha kidole akanionyesha. "Hii haikushikana. Imewekwa tu."

Akanieleza hapo hapo tumekaa juu, Kibo imejitokeza mbele yetu. Kigae kikavu kinanyonya maji ya udongo kabla simenti haijakaza, na kwenye jua la mwezi wa pili ndo kabisa, kwa hiyo kofia lazima ilowekwe kwanza na isuguliwe vumbi. Akaminya kipande cha ule udongo kwa vidole kikamomonyoka, akasema mchanga umezidi, yeye anachanganya ndoo 3 za mchanga kwa 1 ya simenti. Sehemu nyingine fundi alikuwa amejaza udongo mpaka juu, kofia nzima imejaa tii, na Meku hilo hakulipenda pia, udongo ukae kingoni na kwenye maungio, katikati paachwe wazi, ukijaza unashika unyevu halafu unapasuka. Na la mwisho ndo lilinitisha, hakuna hata kofia moja iliyofungwa kwenye mbao. "Upepo hauisukumi kofia," akasema, "unaivuta juu." Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba Uingereza walibadilisha kiwango chao cha kuezeka, BS 5534, mwaka 2014, udongo peke yake hauhesabiki tena, kila kofia lazima ifungwe kwa skrubu au klipu. Nikamkumbuka Meku.

Chini ya ile kofia iliyocheza kuna mlango wa jikoni. Mama anakaa hapo kila jioni anachagua mchele. Niliangalia kile kiti chake toka juu mikono ikaanza kutetemeka.

Fundi alikuja mchana, na hakubisha. Alisema siku ile maji yalikatika, naye anakimbizana na mvua, akaona asiloweke. Nilikuwa nimepanga kumfokea lakini Meku alimuita "mwanangu" akampandisha juu, wakapita kofia moja moja wote wawili. Kofia 31, zilizoshika 9. Meku akasema zote zishuke, hata hizo 9, maana nazo hazina skrubu.

Siku mbili zikaenda hapo. Kofia zikalowekwa kwenye pipa, udongo mpya, kila kofia ikatobolewa kwa drili ikafungwa kwenye ubao wa juu kwa skrubu yenye mpira chini ya kichwa, halafu juu tukatandika magunia tuliyoyalowesha, mimi ndo nilikuwa napanda kuyamwagia maji asubuhi na jioni. Siku ya nne nikagonga zote 31 mwenyewe, nikasukuma zote. Ndo nikamtumia fundi laki mbili na nusu yake.

Mwezi wa nne niko Dar, saa tano usiku mama akapiga. Hakuongea, aliiweka simu koridoni nisikie mvua inavyopiga juu ya vigae. Nikamuuliza beseni liko wapi. Akasema liko jikoni, ameloweka maharage.