Swali la kantini: kwa wiki unakaa siku ngapi bila nyama?

Habari zenu ndugu zangu. Nimetoka shifti ya usiku, usingizi umegoma, nikasema bora niliandike hili jambo maana limenikaa kichwani wiki nzima.

Mi ni wa Kibosho, Moshi. Huku Ujerumani nina mwaka wa tisa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Juzi watu wa jikoni walipitisha karatasi kwa wafanyakazi, wanataka kuweka siku mbili kwa wiki ambazo kantini haipiki nyama kabisa, kwa hiyo wanauliza: wewe unayekula nyama, kwa wiki huwa unakaa siku ngapi bila kuigusa? Unatiki tu, sifuri, moja au mbili, tatu au nne, tano na kuendelea. Wenzangu walitiki wakaendelea na kahawa zao. Mimi kalamu ikabaki hewani, maana mkono ulikuwa unakwenda kwenye tano na kuendelea, ndivyo ninavyojijua tangu mtoto, mtu wa ndizi na maharage, halafu nikasema ngoja kwanza, hebu niihesabu wiki yangu kwa haki.

Jumatatu asubuhi mkate na salami. Jumanne supu ya dengu, nikafurahi, kumbe humo ndani wamekaangia vipande vya bekoni. Jumatano kuku. Alhamisi kuku yule yule wa jana. Ijumaa mwenzetu alikuwa na bethidei akaleta soseji. Jumamosi tulikutana Watanzania, pilau la nyama, na Jumapili kiporo cha pilau. Hakuna hata siku moja iliyopona. Nikatiki sifuri nikairudisha karatasi, na iliniuma kweli, kwa sababu sikumbuki ni lini niliamua kuwa hivi.

Nyumbani hesabu ilikuwa inakwenda upande wa pili, hakuna aliyehesabu siku za kukaa bila nyama, tulihesabu za kula. Hata lugha yetu inaonyesha. Chukua neno mboga. Mtu akikuuliza leo mboga nini, unaweza kumjibu maharage, unaweza kumjibu dagaa, mchicha, na unaweza kumjibu nyama, na yote ni majibu sahihi, yani nyama nayo ni mboga mojawapo ya kulia ugali. Nilijaribu kuwaeleza wenzangu kazini kwamba kwetu nyama ni aina ya mboga, wakaniangalia muda mrefu. Kwao sahani inaanza na nyama halafu vingine vinaizunguka, ukiitoa katikati panabaki pengo, ndiyo maana siku ya bila nyama inahitaji jina lake na karatasi ya kutiki. Mwaka 2013 wakati wa uchaguzi chama chao cha Kijani kiliweka kwenye ilani kwamba kantini ziwe na siku moja kwa wiki isiyo na nyama, wenyeji wanasimulia mpaka leo watu walivyochachamaa.

Sasa nikumbuke ya kwetu miaka ya 90. Kiburu, ndizi na maharage vimepikwa pamoja mpaka vimeshikana, na maziwa mgando kwenye kikombe cha bati. Makande. Ugali na mnafu, yale majani ya mboga ya kwetu, ulioungwa kwa maziwa, ule uchungu wake kidogo unaobaki mdomoni, mpaka leo nikiufikiria mate yanajaa. Dagaa wa Mwanza waliofuatwa Mbuyuni sokoni, na mara moja moja perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, ambao mama alikuwa anawakausha kwanza juani kisha anawachemsha na nyanya na vitunguu vingi. Ndizi mshare za kuchemsha na parachichi juu yake, hicho kilikuwa chakula kamili na hakuna mtoto aliyeuliza nyama iko wapi. Jumapili, na siyo kila Jumapili, labda mara mbili kwa mwezi, baba akitoka misa ya kwanza anapitia bucha anachukua nusu kilo ya mchanganyiko, nusu kilo hiyo ni kwa watu saba, mama anaitumbukiza kwenye sufuria kubwa ya machalari na ile nyama inafanya kazi ya kugawa ladha kwa ndizi zote. Kila mtu kipande kimoja, baba viwili. Ukipata chenye mfupa una bahati, utaufyonza mpaka jioni.

Ng'ombe tulikuwa naye, bandani hatua chache tu kutoka jikoni, tunamkatia majani na kumkatia migomba kila siku, lakini yule alikuwa wa maziwa na mbolea ya kihamba, yani shamba la migomba la nyumbani, hakuna aliyemwangalia akaona kitoweo. Nyama ilikuwa inategemea kahawa. Babu anasema zamani hela ya kahawa ikitoka, bucha za Kibosho zilikuwa zinafurika, ila mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika 1989 bei zikaanguka na sisi tuliokua baada ya hapo tukakuta bucha ni pa kupitia kwa mahesabu.

Halafu Krismasi. Watu wanashuka kwenye mabasi toka Dar, kila boma linachinja, na mnyama akichinjwa kila kipande kina mwenyewe, kidari cha wazee, kuna cha shangazi, kuna cha jirani aliyekusaidia kuvuna, na kisusio kinapikwa siku ile ile, supu ya damu na majani yake, wanaume wamekizunguka. Mama aliyejifungua anapikiwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na nyama ile ni ya kwake, mtoto hanyooshi mkono. Nikikaa huku na soseji yangu ya Ijumaa ambayo sijui ilitoka kwa nani wala nimegawana na nani, nawaza ile nyama tuliyokuwa tunakula mara chache ilikuwa inatukutanisha watu wote wa ukoo.

Ila naomba mnielewe vizuri hapa, sitaki kusifia ukosefu. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaishiwa damu, rangi imepauka viganjani, kliniki wakamwambia mama mpe maini, mpe mayai, mpe mboga za majani. Majani tulikuwa nayo. Mayai mama alikuwa anayauza ili tupate ada na madaftari, na maini yalikuwa kwa bei aliyoiweka mwenye bucha. Nilimwona mama akisimama mbele ya trei la mayai akihesabu, haya ya kuuza, haya ya mtoto, akirudisha moja, akilitoa tena. Kwa hiyo mtu akiniambia Waafrika mna bahati mnakula kiasili, namjibu kwamba kuna siku za bila nyama za kuchagua na kuna siku za bila nyama za kukosa, na mtoto wa miaka mitatu hazitofautishi lakini damu yake inazitofautisha.

Sasa sikilizeni hesabu hii, ndiyo iliyoninyima usingizi. Ujerumani mwaka 2023 nyama iliyoliwa ilikuwa karibu kilo 52 kwa mtu mmoja, yani kilo moja kila wiki, kichanga na bibi wa miaka 90 wamo. Mwaka 2024 chama chao cha lishe, kinaitwa DGE, kikatoa mwongozo mpya kwamba mtu mzima akila nyama na soseji asizidishe gramu 300 kwa wiki. Kwetu, wizara ya mifugo imekuwa ikitaja wastani wa kilo 15 kwa mtu kwa mwaka. Nikachukua simu nikagawanya, kilo 15 kwa wiki 52, nikapata gramu 288. Nikarudia nikidhani nimekosea. Yani kile wataalamu wa huku wanachowasihi watu wao wafikie, Mtanzania wa kawaida kwa wastani yupo pale pale tayari, na sisi nyumbani tunaambiwa tuko nyuma, tupande mpaka kilo 50, ambayo ndiyo ngazi hawa wanayojitahidi kushuka. Najua wastani unaficha mengi, kuna anayekula choma kila siku na kuna yule mtoto wa maini. Lakini kwa maoni yangu kuongeza kilo siyo kazi iliyopo mbele yetu, kazi ni hizo gramu 288 zimfikie nani, na kama nafasi ingekuwa yangu ningeanza na watoto chini ya miaka mitano na wajawazito.

Wengine wanafikiri kukaa bila nyama ni mambo ya wazungu na mazingira yao. Hapana jamani. Nafanya kazi na dada mmoja wa Eritrea, Mkristo wa Othodoksi, anakula nyama na anaipenda, lakini kila Jumatano na Ijumaa haigusi, na siyo nyama tu, na maziwa na mayai na siagi, chochote kilichotoka kwa mnyama. Kwaresma yao ni siku 55, na ukijumlisha mifungo yote ya kanisa lao kwa mwaka inapita siku 180. Nusu ya mwaka! Analeta kazini shiro, unga wa dengu umepikwa mzito na pilipili na kitunguu, na injera, ule mkate wao mwembamba kama chapati, tunakula pamoja chumba cha mapumziko na mimi nasema moyoni huyu hajakosa kitu. Nikakumbuka kwetu Kibosho padre akitangaza Ijumaa za Kwaresma tusile nyama, wakati Ijumaa nyama yenyewe haikuwepo, basi mama akatutafutia kitu cha kujinyima kweli, tukanywa chai bila sukari mpaka Pasaka.

Na Wamasai je, wenzangu hapa wanaamini Mmasai anaamka na nyama analala na nyama. Nimewaambia chakula chao cha kila siku tangu enzi ni maziwa, na sasa hivi ugali, nyama ina wakati wake, kama vijana wanapotoka kwenda porini orpul kuchinja na kula nyama na supu ya mizizi wapate nguvu. Siyo kila jioni.

Nina bibi mmoja ninayemhudumia, amezaliwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Nilimsimulia nusu kilo ya watu saba akacheka akanishika mkono, akasema kwao hivyo hivyo, nyama ilikuwa ya Jumapili tu, chakula kilikuwa kwa kadi mpaka 1950, na mama yake alikuwa anampa baba kipande kikubwa. Siku za katikati viazi, kabeji, supu ya njegere. Akasema watoto wake ndio wa kwanza kula nyama Jumanne. Nilikaa kitandani pake nikawaza, kumbe wao wamechukua kama miaka sabini kufika kwenye salami ya kila asubuhi, mimi nimechukua miaka tisa.

Na siyo mimi tu niliyeacha chakula cha nyumbani. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Arusha, ana biashara yake inakwenda vizuri, kila wikiendi yuko kwenye nyama choma Kwa Mromboo na marafiki, katikati ya wiki kitimoto, yani nguruwe, tumelelewa kwenye kihamba kimoja na sufuria moja. Mwaka jana kidole gumba cha mguu kikavimba usiku hawezi hata kuwekewa shuka, gauti. Daktari akamwambia apunguze nyama nyekundu na bia. Alinipigia akiwa na huzuni kama aliyefiwa, anasema sasa nile nini, nikamwambia kaka, kula tulichokuwa tunakula, akanyamaza halafu akasema kile kilikuwa chakula cha shida. Hiyo kauli imenikaa. Kile hakikuwa chakula cha shida! Shida ilikuwa ada, shida ilikuwa yale mayai, lakini kiburu cha mama hakijawahi kuwa shida.

Tatizo la huku ni kwamba nyama ndiyo rahisi. Mshahara wangu wa saa moja unanunua kuku mzima wa frizi na chenji inabaki. Ukichoka saa tatu usiku unamtupa kwenye oveni basi, wakati maharage yanataka kulowekwa na mnafu sijawahi kuuona dukani. Tangu ile karatasi nimeanza taratibu, Jumapili naloweka maharage na kuchemsha mengi nagawa kwenye vikopo vya frizi, duka la Waasia nachukua ndizi mbichi, siyo mshare lakini zinavumilika, spinachi inakaa badala ya mnafu ingawa haina ule uchungu. Wiki hii nimepata siku tatu. Yule dada wa Eritrea amenifundisha kupika shiro, hiyo ndiyo ya Jumatano.

Desemba narudi nyumbani, Mungu akipenda. Nimempigia mama vidio koli nikamwambia mama safari hii nikifika usichinje, nipikie kiburu. Akaniangalia kama nimeugua. "Mwanangu, utoke Ulaya nikupokee na maharage? Watu watasema nini?" Tumebishana nusu saa. Tumekubaliana siku ya kwanza mbuzi, kwa sababu shangazi na majirani nao wana haki yao kwenye mbuzi huyo na siwezi kuwanyima kwa sababu ya karatasi ya kantini, siku ya pili kiburu, na ya tatu mnafu. Ameshaupanda nyuma ya banda la ng'ombe, akageuza simu akanionyesha, umestawi kweli.