Mashine ilikuwa mbovu, na namba zetu walikuwa nazo

Wifi yangu anaishi Wete. Mwaka jana alijipapasa akakuta kitu kigumu ziwa la kushoto, kule juu karibu na kwapa. Akaenda spitali, daktari akamshika, akamwambia akapige picha ya maziwa kwa mashine. Akapanda boti, akafikia kwangu Mwanakwerekwe, na asubuhi nikampeleka kituo kimoja cha binafsi. Jina sitalitaja. Majibu yakatoka kwamba hakuna kitu, arudi baada ya mwaka. Tukamshukuru Mungu, akarudi Pemba na bahasha yake kubwa ya kaki.

Miezi ikapita. Siku moja kwenye shughuli ya harusi nikakaa na dada mmoja aliyewahi kufanya kazi pale. Akaniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba kipindi kile mashine ilikuwa na hitilafu. Picha zilikuwa zinatoka na ukungu upande mmoja. Fundi akaitwa kutoka Dar, mashine ikasimamishwa, ikatengenezwa, kazi ikaendelea. Wafanyakazi wote walijua. Wanawake waliopigwa picha kabla ya fundi kufika hawakuambiwa neno.

Usiku ule ule nikampigia wifi. Mwanawe akaitoa filamu kwenye bahasha, akaiweka mbele ya taa, akaipiga picha kwa simu akanitumia. Mimi ni mwalimu wa skuli, si mtu wa spitali, lakini hata mimi niliona. Ziwa la kulia limetoka na mistari yake na vijishipa vyake. La kushoto, kuanzia katikati kwenda kwapani, limefunikwa na weupe kama kioo cha gari asubuhi ya baridi. Pale pale alipokuwa akisema anahisi kitu. Na karatasi ya majibu haikusema popote kwamba picha haionekani vizuri. Imeandikwa hakuna tatizo, ikapigwa muhuri.

Nikapiga simu kituoni. Msimamizi alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia kwamba mashine sasa ni nzima, na kuwapigia wateja wa zamani ni kuzua taharuki. Wanawake wenyewe, akasema, kuja kupima ni mpaka wabembelezwe. Wakisikia habari kama hizi hawatakuja tena. Nikamuuliza kama namba zao za simu wanazo. Akasema suala si namba. Na kweli halikuwa namba, maana Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, wifi alipata ujumbe wa kituo hicho hicho kwenye simu yake: punguzo la bei ya vipimo, karibuni nyote.

Hoja ya taharuki nimeisikia pia kwa watu ninaowaheshimu, kwa hiyo nataka kuijibu vizuri. Ni kweli wanawake wetu wanaogopa. Wapo wanaokaa na uvimbe chini ya kanga mpaka ziwa linapasuka, kwa aibu, kwa kuhofia mume atasema nini, kwa kukosa nauli. Lakini angalia majibu yale yalimfanyia nini wifi yangu. Aliacha kujipapasa. Nilipomuuliza akaniambia, "Mashine imesema sina kitu, mimi nani nibishane na mashine?" Mwanamke asiyepima kabisa bado ana wasiwasi wake, na wasiwasi ule ule unaweza kumrudisha spitali. Aliyepimwa na mashine mbovu kanyang'anywa hata wasiwasi.

Wengi wetu tukisikia mashine ya picha ina kasoro tunafikiria mionzi, kwamba labda imetuunguza. Mionzi ya kipimo hiki ni kidogo na inadhibitiwa. Marekani sheria imeweka kikomo cha miligrei 3 (miligrei ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa kila picha ya ziwa la kawaida. Hatari iliyo kubwa zaidi ni picha isiyoonyesha. Vile vibao viwili vinavyolibana ziwa mpaka machozi yanakutoka vina kazi: vinalitandaza ili lisitikisike, nyama zisipandane, na mionzi itumike kidogo. Kibao kikikaa vibaya, au mwanamke akiwekwa vibaya, au kipokea picha kikichakaa, chembe ndogo za chokaa ambazo pengine huwa ndiyo dalili ya mwanzo ya saratani hazionekani. Mashine italia, taa itawaka, picha itatoka. Aliyesimama pale kifua wazi hana namna ya kujua. Anayejua ni kituo peke yake.

Ndiyo maana wenzetu hawakuacha jambo hili liwe hiari ya kituo. Marekani ilipitisha sheria ya ubora wa picha za matiti mwaka 1992, na tangu Oktoba 1994 hakuna kituo kinachoruhusiwa kupiga picha hizo bila cheti, na cheti kinabandikwa mahali mgonjwa anapokiona. Wakaguzi wanafika kila mwaka. Vituo vyenyewe vinapiga picha ya kitu maalumu cha majaribio, mfano wa ziwa, ndani yake mmetiwa nyuzi, chembe na vivimbe vya bandia, kisha wanahesabu vingapi vinaonekana. Visipotimia idadi, mashine haimgusi mtu mpaka itengenezwe.

Na ikigundulika baadaye kwamba picha za kipindi fulani zilikuwa mbovu kiasi cha kuhatarisha afya, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, inaweza kukiamuru kituo kiwaandikie wanawake wote wa kipindi hicho, pamoja na madaktari waliowatuma. Kituo kikikataa au kikishindwa, mamlaka yenyewe inaweza kuwaambia, mmoja mmoja au kwa kutangaza kwenye vyombo vya habari. Niliposoma hapo niliwaza kuhusu yule msimamizi wa kituo na taharuki yake. Nchi ya watu zaidi ya milioni 300 imeona bora itangaze kuliko kumwacha mwanamke mmoja aende nyumbani na majibu ya uongo.

Hata Ulaya wapo waliofichwa ukweli. Ireland, mwaka 2018, mama mmoja aitwaye Vicky Phelan alikwenda mahakamani. Yeye alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Kipimo chake cha 2011 kilisomwa kuwa salama, kikaja kurudiwa kusomwa, ikaonekana kilikosewa, na yeye akachelewa kuambiwa kwa miaka. Alipotakiwa akubali fidia kwa sharti la kunyamaza, alikataa. Kwa kukataa kwake ikajulikana kwamba kulikuwa na wanawake zaidi ya 200 katika mkumbo huo, na wengi wao hawakuwa wameambiwa. Alifariki Novemba 2022, Mungu amlipe wema wake.

Kwetu, leseni ya mashine za mionzi inatolewa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo ina ofisi hapa Zanzibar. Kwa hiyo mwanamke anaposimama mapokezi ana haki ya kuuliza: leseni yenu iko wapi, mashine imekaguliwa lini, picha yangu itasomwa na nani? Anayeulizwa asinune. Na picha uondoke nayo, usikubali kupewa karatasi ya majibu peke yake, kwa sababu karatasi haiwezi kusomwa upya na daktari mwengine. Filamu ya wifi ndiyo iliyotusaidia.

Tulirudia kipimo kwengine, akapigwa ultrasaundi pia, na kipande kidogo cha nyama kikachukuliwa kupimwa. Alhamdulillah, haikuwa saratani. Sasa watu wananiambia, basi, yamekwisha, unaandika nini tena? Naandika kwa sababu hakuwa peke yake kwenye lile benchi. Nakumbuka mama mmoja wa makamo aliyekuja na mwanawe kutoka Makunduchi, na msichana mwenye mtoto mchanga aliyekuwa akimpokezana na shoga yake. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika na saratani ya matiti na 670,000 walikufa, na limeweka lengo kwamba tangu mwanamke afike spitali mara ya kwanza mpaka ajue ana nini zisipite siku 60. Wale wa benchi letu siku zao 60 zimekwisha zamani, na hawajui kama hesabu ilikuwa inakwenda.

Barua yenyewe si kazi kubwa. Nimeiandika mwenyewe jikoni, wakitaka waichukue: "Ndugu yetu, ulipiga picha ya matiti kwetu tarehe fulani. Tumegundua mashine ilikuwa na hitilafu kuanzia siku fulani mpaka siku fulani, na picha yako inaweza kuwa haikuonyesha vizuri. Hii haina maana kwamba una ugonjwa. Tafadhali njoo urudie, au chukua picha zako uzipeleke kwa daktari unayemtaka. Ukiwa na uvimbe au maji yanatoka kwenye chuchu, usisubiri." Aliye na simu apigiwe, asiyejua kusoma asomewe, na asiyepatikana atafutwe kwa sheha wake.

Na kurudia kuwe bure. Kwa mtu wa mjini kurudia ni daladala moja. Kwa wifi yangu ilikuwa nauli ya boti kwenda na kurudi, yake na ya mtu wa kumsindikiza, watoto kuachwa kwa jirani, na duka lake kufungwa. Pesa ile aliikopa kwenye kikoba na bado anailipa. Nimekiandikia kituo kudai nauli hiyo, nakala nimeipeleka wizarani, na majibu yao yakija nitayaweka hapa kama yalivyo.