Boksi la kaseti uvunguni: kipi kibaki kwenye kanda, kipi kihamie kwenye faili

Katika nyumba nyingi za Isevya, Cheyo na Ng'ambo, hapa Tabora, boksi la kaseti bado lipo, uvunguni au juu ya kabati karibu kabisa na bati. Ndani yake kuna kaseti za dukani, kaseti zilizorekodiwa kutoka redioni, na zile zilizoandikwa kwa kalamu "Mchanganyiko 3" basi. Kila mwaka nyumba ikifanyiwa usafi swali ni lilelile: tuziweke, au tujaze nyimbo kwenye flashi tuachane nazo?

Wengi huamua kwa kulinganisha ubora wa sauti. Huko ni kupoteza muda, maana faili nzuri huishinda kaseti ya kawaida mchana kweupe. Ulizia jambo jingine: nakala hii ikiharibika leo, kuna mtu mwingine anayo? Albamu ya bongo fleva ya mwaka jana iko kila mahali, faili inatosha, na kuinunulia CD ni kupenda kasha tu. Lakini Tabora ni mji wa bendi za dansi za zamani: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Nyimbo nyingi za bendi za enzi hizo zilirekodiwa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na baadhi zikatoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Aliyenasa kipindi cha redio usiku mmoja, au dansi ukumbini, au kwaya ya mtaani, au ngoma ya harusini, huenda kaseti yake ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani. Hiyo hata kama inakwaruza, haitupwi. Inahamishwa, halafu inatunzwa.

Kusikiliza mtandaoni tuliweke mahali pake kwanza. Ni kukodi, si kumiliki. Wimbo ukiondolewa na mwenye haki, unaondoka na kwako, hata ule uliousevu ndani ya programu, kwa kuwa programu hizo hudai uingie mtandaoni kila baada ya muda ili zihakikishe bado unalipia. Spotify, kwa mfano, huhitaji hivyo walau mara moja kila siku 30. Na bando lina hesabu yake. Sauti ya kilobiti 160 kwa sekunde hula megabaiti 72 kwa saa. Saa tatu kwa siku, mwezi mzima, ni karibu gigabaiti 6.5, kwa nyimbo ambazo nusu yake ulishazisikiliza juzi.

Nyimbo za kujaziwa kibandani nazo zina kasoro ambazo watu wamezizoea mpaka hawazisikii. Nyingi zimebanwa hadi kilobiti 128 au chini ya hapo, zimepita kwenye simu tatu nne, na katikati kuna sauti ya mtu anayetangaza tovuti yake. Kuibadilisha faili ya 128 iwe 320 hakuongezi chochote isipokuwa ukubwa. Kilichokwisha kukatwa hakirudi. Halafu majina. Ukikuta folda imejaa "Track 01" na "AUD" zenye tarehe na "WA" mwishoni, ujue hiyo si maktaba, ni jalala. Zipe majina upya mapema, msanii kwanza kisha wimbo, zikiwa bado mia mbili. Zikifika elfu tatu hutazigusa tena.

Kabla ya kuiamini flashi au memori kadi, ipime. Sokoni kuna zinazoandikwa gigabaiti 512 huku ndani zikiwa na 16 au 32. Kompyuta haioni tatizo, inaendelea kukopi vizuri tu. Uwezo halisi ukijaa, nyimbo mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani au zinapotea kimyakimya. Kwa Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw: inaijaza flashi yote, kisha inasoma kila ilichoandika na kukuambia gigabaiti ngapi ni za kweli. Inachukua saa kadhaa. Ifanye flashi ikiwa mpya na tupu, na ikiwezekana umjulishe muuzaji mapema kwamba utaipima.

Sabufa na redio za gari zina ukaidi wake pia. Nyingi husoma mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32 tu, wakati kadi za gigabaiti 64 na kuendelea huja na exFAT, ndiyo maana unaambiwa "hakuna kifaa" na kadi ni nzima kabisa. Nunua ya 32, au iformati upya kuwa FAT32. Na zile sabufa za bei nafuu hazipangi nyimbo kwa alfabeti, zinafuata mpangilio ulioziingizia. Ukitaka albamu icheze kwa mfuatano wake, anza majina na 01, 02, 03, kisha kopi folda moja baada ya nyingine kwenye flashi tupu.

Sasa kaseti zenyewe. Vifaa ni vichache: deki au redio kaseti inayozunguka sawasawa, kompyuta, waya wa jeki ya milimita 3.5 pande zote mbili, na programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Kazi huharibikia kwenye kompyuta. Laptopu nyingi zina tundu moja tu la jeki, na upande wake wa kupokea ni wa maikrofoni: sauti inaingia ya upande mmoja, tena inaingia kubwa mpaka inapasuka. Simu nazo ni hivyohivyo. Tafuta kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia lililoandikwa "line", la stirio. Vile vidude vidogo vyenye matundu mawili, la kijani na la waridi, karibu vyote la waridi ni maikrofoni ya upande mmoja, kwa hiyo vinakurudisha palepale.

Safisha njia ya mkanda kabla ya kaseti ya kwanza, na rudia kila baada ya kaseti tano au sita. Kiangazi cha hapa, vumbi jekundu likiingia mpaka kwenye sukari, fanya baada ya kila tatu. Hedi, yaani kile kichwa kinachosoma mkanda, na kile kipini chembamba cha chuma kinachouvuta visafishwe kwa pamba ya kijiti na spiriti ya duka la dawa. Rola ya raba ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, maana spiriti huikausha raba hadi ipasuke. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, huo ni unga wa mkanda. Rola ikiwa na utando huo inateleza upande mmoja, mkanda unapinda, na hapo ndipo redio inapokula kaseti.

Halafu kuna skrubu moja ambayo watu hawaigusi kamwe, nayo ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko kifaa chochote cha kununua. Fungua mlango wa kaseti, bonyeza kucheza, tazama hedi. Imeshikwa na skrubu mbili: moja imekazwa kabisa, nyingine ina springi chini yake na mara nyingi imetiwa rangi au gundi kiwandani. Hiyo yenye springi huinamisha hedi kulia na kushoto. Kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine ilirekodiwa kwa mwinamo wa mashine ile, na hedi yako isipolingana nao, sauti za juu zinafifia: matoazi yanakuwa kama yamefunikwa blanketi, "s" za mwimbaji hazisikiki. Weka kaseti inayocheza, tumia bisibisi ndogo isiyo na sumaku, zungusha robo ya mzunguko taratibu kwenda na kurudi mpaka matoazi yang'ae. Simama hapo. Alama ya kalamu uiweke mahali skrubu ilipo kabla hujaizungusha, ili uirudishe baadaye. Kaseti nyingine itataka mwinamo mwingine. Huo ndio uzito wa kazi, na ndiyo sababu kaseti iliyohamishwa kibandani kwa haraka husikika imechoka kuliko ilivyo kweli.

Kasi nayo iangaliwe. Kaseti inatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Chukua kaseti tupu ya kurekodia ya C60, yaani ya dakika 60 kwa pande zote mbili, icheze upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: dakika 30 na ziada kidogo ni sawa, ikiisha kwa dakika 27, mota inakimbia na kila mwimbaji atakuwa na sauti ya kitoto. Mota nyingi zina kitundu kidogo mgongoni chenye kiskrubu cha kasi. Sauti ikiyumba kama mtu anaimba akiwa kwenye baiskeli, hiyo si mota, ni mkanda wa raba uliolegea. Fundi redio ataubadilisha, ila umpelekee ule wa zamani apime mduara wake. Ukishayeyuka kuwa lami, apime puli.

Kurekodi: zima besi ya ziada na rudisha toni zote katikati. Ukitumia tundu la hedifoni, weka sauti ya redio katikati, kisha rekebisha kwenye kompyuta hadi vilele vya sauti viishie karibu desibeli -6. Vikigusa 0 vinakatwa vichwa na hakuna dawa yake. Sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, zinatosha kabisa kwa kaseti. Saa moja ya stirio isiyobanwa ni karibu megabaiti 635. Ihifadhi hivyo, au kama FLAC, ambayo huipunguza bila kupoteza kitu. MP3 ya kilobiti 192 uitoe humo kwa ajili ya simu na sabufa: megabaiti 86 kwa saa, yaani kaseti 40 za C60 ni gigabaiti tatu na nusu tu.

Mvumo wa kaseti usiutoe wote. Audacity ina kipunguza kelele: unachagua sekunde mbili tatu zenye mvumo mtupu kati ya nyimbo, programu inajifunza, kisha inaupunguza. Desibeli 6 hadi 9 zinatosha. Ukipandisha hadi 20 gitaa linaanza kusikika kama liko ndani ya mtungi wa maji. Na kazi hiyo ifanyike kwenye nakala; faili ghafi ikae bila kuguswa.

Kaseti hazihamishwi kwa kasi mbili. Arobaini za C60 ni saa 40 za kucheza, na ukiweka kusafisha, skrubu na kukata nyimbo, hesabu 60. Anza na zile zisizo na nakala popote, siyo zile unazozipenda zaidi, ila ya kwanza kabisa kuingia kwenye mashine iwe kaseti usiyoijali, ili mashine kama ina njaa ishibe hiyo.

Mkanda ukikatika, usiunge kwa selotepu ya kawaida: gundi yake huvuja na kunata kwenye hedi. Tumia utepe wa kuungia kanda, ubandike upande wa mgongo, ule usiogusa hedi, ncha mbili zikutane bila kupandana. Sauti ikififia ghafla huku mkanda wenyewe haujakatika, chungulia katikati ya mdomo wa kaseti: kile kitambaa kidogo cha sufi juu ya bati la springi kimedondoka, mkanda haubanwi kwenye hedi. Hamishia vibiringo vyote viwili vya mkanda kwenye kasha la kaseti nyingine yenye skrubu tano. Yenye unga mweupe wa ukungu baada ya masika usiicheze kabisa kabla ya kusafishwa, itaambukiza mashine na kaseti zinazofuata.

Santuri kwa ufupi. Zile za mizunguko 78 nyingi ni za shelaki, na spiriti huiyeyusha shelaki, kwa hiyo zioshe kwa maji yaliyokenekwa (distilled water) na kitambaa laini tu, lebo ikae kavu. Maji ya kuongezea betri yanafaa, mradi chupa isiwe ya asidi. Za 78 zinahitaji sindano nene, ya mikroni 75 hivi; ukiweka ya LP, yaani ya santuri kubwa za plastiki, inaburura chini ya mfereji na kukusanya kelele. Kama huna sindano sahihi, zihifadhi tu mpaka mwenye nayo apatikane.

CD za kuchomwa nyumbani zihamishe hata kabla ya kaseti. Rangi iliyoandikiwa data huchakaa kwa jua na joto, na kaseti ya 1985 inaweza kucheza leo wakati CD ya kuchoma ya 2006 inagoma. Mkwaruzo wa upande wa maandishi ndio mbaya zaidi, kwa kuwa utando wa kuakisi uko hapo chini ya vanishi tu.

Nakala ziwe tatu: diski ya nje, kompyuta au flashi nyingine, na moja nje ya nyumba, kwa ndugu Nzega au Urambo, ibadilishwe kila anapokuja. Kopi kwa laptopu yenye chaji, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, flashi nzima inaweza kukataa kufunguka. Flashi iliyolala miaka kwenye droo bila kuchomekwa nayo hupoteza data, kwa hiyo iandike upya kila mwaka.

Kaseti zilizokwisha kuhamishwa zungusha hadi mwisho wa upande, zisimamishe wima kwenye makasha yake, chumba cha chini chenye hewa, nusu mita mbali na spika ya sabufa kwa sababu ya sumaku. Vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni ili mtoto asije akarekodi juu yake. Kwenye kasha andika jina la faili, siyo "Mchanganyiko 3".