Kipimo kilikuwa cha mama

Nesi alikuja kumpima mama presha, akanipima na mimi. Sikumwomba. Alikuwa ameupanda mlima wetu wa Bugarika, hapa Mwanza, kwa miguu, anahema, akaomba maji ya kunywa. Nilipomletea kikombe akaniangalia usoni, akasema, "Dada, hebu kaa hapa na wewe." Akanifunga mkanda uleule aliokuwa amemfungua mama. Mashine ikanguruma, ikasoma 168 kwa 104. Ya mama ilikuwa 142 kwa 86.

Mama yangu ana miaka 74, amepooza upande mmoja. Mimi nina 46 na siku ile ningekuapia kwamba siumwi.

Kiharusi kilimpata Aprili 2024, asubuhi, akichambua mchele barazani. Upande wa kulia ukaenda, na maneno yakaenda nao. Alilazwa siku 11, tukarudi nyumbani na karatasi ya dawa na maelekezo: ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, anyooshwe viungo asubuhi na jioni, alishwe akiwa amekaa wima ili chakula kisipotee njia kikaingia kwenye mapafu. Nimeyafuata yote. Mpaka leo mama hana kidonda hata kimoja mgongoni, na hilo najivunia waziwazi.

Ila piga hesabu. Kila saa mbili, mchana na usiku, ni mara 12. Mama ana kilo 71. Nakunja goti lake la kulia, nauleta kifuani mkono wake uliopooza, kiganja changu kimoja nyuma ya bega, kingine nyuma ya nyonga, halafu namvuta aje upande wangu. Nashindilia mto mgongoni asirudi. Chini yake huwa nimetandika khanga iliyokunjwa mara mbili; akiserereka kuelekea miguuni, naishika khanga ile pembe mbili na kumpandisha nayo. Kitanda chake kilikuwa kifupi, kile cha zamani cha mbao, kwa hiyo yote hayo niliyafanya nimeinama kama mtu anayepalilia. Saa nane usiku. Saa kumi. Kumi na mbili alfajiri.

Maji yapo bombani, chini. Wanaokaa milima hii ya mawe wanajua: gari haliwezi kufika mlangoni, na ndoo inapanda kwa kichwa au haipandi kabisa. Mgonjwa wa kitandani anamaliza maji kuliko mtoto mchanga. Kuna siku shuka zinafuliwa mara tatu. Siku ya kliniki vijana wanne wa jirani wanambeba mama kwenye kiti mpaka barabarani, nami nashuka nyuma yao na mkoba wa dawa, moyo mkononi, maana jiwe likiteleza pale ni basi.

Kazi yangu ni cherehani. Nilikuwa nakwenda Makoroboi kila Jumatatu kuchagua vitambaa; sasa wateja wanaleta vyao, na waliochoka kusubiri wamekwenda kwa mafundi wengine. Siwalaumu. Mkono wangu wenyewe ulianza kunisaliti. Usiku mmoja nimetoka kumgeuza mama, nikarudi kumalizia sare ya mtoto wa shule, nikasinzia nimeshika pasi ya mkaa. Niliungua juu kidogo ya kifundo cha mkono, jeraha la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Jeraha la namna hiyo huwa nalisahau baada ya wiki mbili. Hili lilifika wiki ya saba bado linatoa maji. Kila nikimnawisha mama nalificha kwa kitambaa, maana akiliona analia, na kilio chake hakina maneno.

Nesi aliliona. Akapima sukari kwanza, ikawa sawa. Akaniuliza nalala saa ngapi. Nikashindwa kumjibu, maana silali kwa saa, nalala kwa vipande. Akanieleza kwamba presha ya mtu hutakiwa kushuka usiku akilala, na usingizi wa kukatwakatwa unaizuia kushuka.

Mtoto wa dada yangu anasoma uuguzi. Nilipomsimulia habari ya kidonda, akanitumia ujumbe mrefu wa sauti. Anasema mwaka 1995 huko Ohio, Marekani, watafiti wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu waliopoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri wao wasiouguza mtu. Wote wakatobolewa kidonda kidogo sawasawa mkononi, kisha zikahesabiwa siku. Vya wale wanaouguza vilichelewa kupona kwa siku tisa. Msongo wa muda mrefu unaupunguzia mwili askari wake wa kutengeneza ngozi. Nilisikiliza ujumbe ule mara tatu, nikiwa nimekaa kwenye jiwe nje, Igogo na ziwa chini yangu, nauangalia mkono wangu. Sikuwa mzembe wa usafi kama nilivyokuwa nikijisema. Mwili ulikuwa umeishiwa.

Kaka yangu wa Dar anapiga simu kila Jumapili. "Mama anaendeleaje?" Namwambia anaendelea vizuri. Anatuma hela kila mwisho wa mwezi bila kukosa, Mungu ambariki. Majirani nao, kanisani, dukani: "Mgonjwa anaendeleaje?" Ni adabu yetu na ni nzuri. Lakini katika mwaka mzima na zaidi sikumbuki aliyeniuliza mimi nimelalaje. Na angeniuliza ningemdanganya. Hapa ndipo palinifunga mdomo kuliko presha yenyewe: mwanamke anayemuuguza mama yake akisema amechoka, inasikika kama anasema mama amechelewa kufa. Sikutaka hata ukuta unisikie. Nampenda mama. Alinibeba mgongoni kwenye milima hiihii akitoka kuuza dagaa Kirumba. Uchovu wangu haujapunguza mapenzi hayo hata chembe, lakini nilikuwa sijui kwamba mambo haya mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, kwa hiyo nikanyamaza.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitaja familia kuwa ndiyo msingi wa kumtunza mzee. Nakubali. Ila nyumbani kwetu familia ilikuwa ni mimi.

Nilimpigia kaka siku ileile, nikamtajia tarakimu zangu kabla hajauliza za mama. Akanyamaza muda mrefu. Wiki iliyofuata mke wa mdogo wetu, wifi yangu wa Sengerema, akaja. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, kwa hiyo sasa anakuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Usiku huo wa Ijumaa na wa Jumamosi anageuza yeye. Mara ya kwanza nililala saa tisa mfululizo nikaamka na hofu, nikakimbilia chumbani kwa mama. Alikuwa ameegeshwa vizuri ubavu wa kushoto, mto mahali pake, anakoroma.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo naye alinionyesha kosa la kitanda. Tumeweka tofali mbili kila mguu, kimefika usawa wa kiuno changu, na nimefundishwa kuweka goti moja kitandani ninapovuta. Tofali nane. Maumivu ya kiuno niliyokuwa nayo tangu mwaka juzi yamepungua ndani ya mwezi.

Nameza amlodipini, dawa ya kushusha presha, kila jioni, mara tu baada ya kumpa mama dawa zake. Kidonda kimefunga, kimeacha alama ya rangi ya maziwa. Daftari la presha la mama nimelipiga mstari katikati, kulia yeye, kushoto mimi. Tukienda kliniki nalitoa lote, nasema tuko wawili. Wewe unayeuguza, siku mashine ikija kwa mgonjwa wako, nyoosha na wako mkono kabla haijarudi kwenye begi.

Jana jioni: mama 138 kwa 84, mimi 144 kwa 90. Mama alitaka kuona. Nikamsogezea daftari, akaweka kidole cha mkono wake mzima upande wangu wa mstari, akakiacha pale muda.